Mafuta Kwanza, Wembe Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini, katika saluni moja ya Shinyanga mjini, niliondolewa mbele ya mteja kabla sijamaliza shavu moja. Fundi Mkuu, mwenye saluni, alininyang'anya wembe.

"Wewe, unanyoa mtu au unapaa samaki magamba? Uso mkavu haunyolewi!"

Akanionyesha. Kwanza taulo la maji ya moto, mpaka ndevu zilainike. Kisha matone machache ya mafuta ya nazi yasiyo na manukato, yasuguliwe mpaka kwenye mashina ya ndevu, yaachwe kidogo. Ndipo brashi na povu, na wembe ufuate ndevu zinakoelekea. Mimi niliona anapoteza muda tu. Vijana tulikuwa na dawa yetu, kupaka spiriti kabla ya kunyoa. Ikiwasha, tunasema inafanya kazi. Ujinga mtupu, jamani!

Na ujinga huo nilihamia nao Bugarama, kunyoa wafanyakazi wa mgodini. Huko nilikuwa na mteja, Baba Kulwa, mchimbaji wa chini ya ardhi. Ngozi yake haikutaka mchezo: kila nikimnyoa, shingo inajaa vipele na vidonda. Mwishowe akafuga ndevu. Ijumaa moja akaja mbio.

"Fundi, msimamizi wa usalama kanikataza kushuka! Anasema barakoa ya vumbi haishiki juu ya ndevu. Jumatatu niende na kidevu kitupu, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine. Na ukinitoa vidonda tena, hiyo barakoa nitaivaaje?"

Niliona aibu. Vidonda vile vilikuwa kazi ya mikono yangu. Nikampigia simu Fundi Mkuu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Bado unapaa samaki?" Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Spiriti mwaga. Mafuta mjaribishe kwanza nyuma ya sikio. Akilala salama, endelea. Na wembe upite mara moja. Ukitamani kurudia, weka chini."

Sikio lilikuwa salama. Jumatatu alfajiri nikamnyoa, taulo, mafuta, povu, bila kuruka hatua. Mkono uliniwasha kurudia pale chini ya taya. Nikauweka wembe chini. Hakuna tone la damu! Akaondoka, nami siku nzima kila bodaboda ikisimama nachungulia mlangoni.

Jioni akaingia bila hata kuoga, anapiga kelele, "Fundi, nimeshuka! Nimeshuka na nimepanda!"

Sasa nimestaafu, mikono inatetemeka. Vijana huniuliza nimewahi kunyoa wakubwa gani. Nimewanyoa, ila sura zao zimenitoka. Ninayemkumbuka ni Baba Kulwa jioni ile: vumbi kwenye paji, vumbi kwenye kope na masikio, na kuanzia puani mpaka kidevuni, palipokaa barakoa, ngozi safi inang'aa. Niliruka kama mtoto, na nikisimulia bado naruka.