Filamu ya Maziwa ya Kumwonyesha Mukami

Hadi mwezi uliopita niliamini kabisa kwamba ng'ombe akitazama filamu ya serikali ya maziwa, huongeza maziwa. Nikiwa mtoto, siku gari la sinema lilipofika Laare, marehemu baba alimpeleka ng'ombe wetu uwanja wa shule, na kijiji kizima kikapeleka ng'ombe wake. Kesho yake ndoo ilijaa tukanywesha jirani, paka, na paka wa jirani. Niliona kwa macho yangu. Hata cheti cha ngumbaru, masomo ya watu wazima, hakikuniondolea imani hiyo.

Basi kiangazi hiki, tukigawana maji ya mtungi na ng'ombe wetu Mukami, maziwa yake yalishuka hadi kikombe kimoja. Mke wangu Nkatha akachoka.

"Baba Mutuma, mtu wa bucha anakuja Jumamosi. Kama hiyo filamu iko, nenda ukailete."

Laare, Alhamisi alfajiri. Nilibebwa na pikipiki ya miraa, na waendeshaji wake hawajui breki ni ya nini. Roho ilifika Meru baada yangu.

Mitunguu, saa nne. Nikapanda lori la ndizi. Kufikia Ishiara nilikuwa nimekula vumbi la kufyatua matofali ya nyumba mbili, na mgongo ulikuwa umezeeka kuliko mimi.

Runyenjes, jioni. Mzee Njeru, aliyekuwa akiendesha mashine ya lile gari la sinema, alinipa chai nikashindwa hata kuinua kikombe.

"Ile ya maziwa? Kijana wangu aliiweka kwa flashi."

Tukaitazama. Ng'ombe aling'aa kama anaenda harusini. Watoto wakanywa glasi zao, na sauti kali ikatuamuru tulime majani ya mifugo na tunywe maziwa kila siku.

"Mtoto mmoja hapo, wapiga filamu walimrudisha kunywa mara nyingi mpaka akatapika," Mzee akacheka. "Sasa hii unapelekea nani?"

"Mgonjwa wangu nyumbani."

"Pole. Apone."

Akainakili kwenye simu yangu.

Ijumaa nilirudi na lori jingine. Sina nguvu ya kuisimulia.

Laare, Jumamosi asubuhi. Nilisimama zizini, nimemshikia Mukami simu machoni. Nkatha alisubiri na ndoo. Mukami akairamba simu yote, mbele na nyuma, kisha akafunga macho. Mtu wa bucha alikuwa tayari langoni na kamba yake.

Nikampigia Mzee Njeru.

"Mzee, mgonjwa hataki kutazama."

"Ana shida gani?"

"Hana maziwa. Ni ng'ombe. Si wale wa hapa kwetu walitazama wakaongeza?"

 

"Wale ng'ombe walikuwa wanalia kwa kiu kushinda spika yangu," akasema polepole. "Mwalimu akawafungulia tangi la shule, wakanywa likaisha. Filamu hakuna aliyeitazama. Mpe maji, mzee. Mengi."