Kisahani cha Baiskeli Kisichosuguliwa

Saa mbili asubuhi, cherehani inakimbia juu ya pindo la sketi ya shule. Mzee mmoja asiyejulikana hapa mtaani anasimama mlangoni, kofia mkononi. Hana nguo ya kushonwa.

"Hodi. Wewe ndiye Mama Bobini?"

"Karibu, mzee wangu, shikamoo. Ndiye mimi, kama hukuja kulalamikia suruali."

"Marahaba. Suruali zangu hazina neno. Nimeambiwa unatunza visahani."

Mguu wa fundi unaacha kanyagio.

Kwa wateja wengi yeye ni mshona sare na magauni ya harusi. Wachache ndio wanaojua kuhusu sanduku lililo chini ya meza ya kukatia. Humo mna visahani hivyo: vipande vya mviringo vya madini ya fedha, vikubwa kidogo kuliko kizibo cha soda, kila kimoja kimegongwa nembo ya kampuni iliyowahi kuvuma. Si pesa, sokoni hupati hata kitunguu. Kampuni huvitoa kwa kumbukumbu inapotimiza miaka yake. Mama Bobini anavyo ishirini na vitatu: vya sabuni, chai, betri, uzi, baiskeli na cherehani.

"Sabuni hii ndiyo iliyoniogesha utotoni," anasema, akimtolea mzee vichache. "Hapa ina mwezi na nyota. Baadaye wakaondoa nyota, halafu na mwezi wenyewe ukaenda. Ukivipanga hivi unaona sabuni ilivyokua, na mimi nilivyokua nayo."

Cha kwanza alikikuta kwa sonara, kinasubiri kuyeyushwa kiwe hereni.

"Kilichorwa cherehani kama yangu hii. Nikaona kama ninatiwa motoni mimi mwenyewe."

Ni miaka kumi na tisa sasa. Kwa mwaka hashoni zaidi ya magauni manne ya harusi, na faida ya moja kati ya hayo huishia kwa masonara.

"Wenzake wananunua viwanja, yeye ananunua vizibo," anatania wifi yake, anayekaa pembeni akitia vifungo.

"Wifi, angalia sindano yako."

Wifi huyo huyo ndiye aliyewahi kuona visahani vitatu vimepiga weusi, akaona aibu kwa niaba ya ukoo, akavisugua kwa majivu mpaka herufi zikafifia.

"Nilitaka kukufurahisha," anajitetea.

"Najua. Ndiyo maana nililia kimyakimya."

Mzee anawasikiliza, kisha anafungua leso. Ndani mna kisahani cha baiskeli, cheusi kama sufuria ya kuni. Kiwanda cha baiskeli hizo kilifungwa zamani. Yeye alikuwa mpaka rangi wa fremu, na kilipotimiza miaka hamsini kila mfanyakazi alipewa kimoja. Mama Bobini ana vitatu vya nembo zake za baadaye. Hiki cha nembo ya kwanza amekitafuta mpaka akakata tamaa.

Anakishika ukingoni, anakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya weusi, juu kabisa ya gurudumu la nembo, pana alama ya dole gumba, mistari yake yote ikionekana.

"Ni la mke wangu," mzee anasema. "Jioni tukipiga soga alikuwa nacho mkononi. Sasa hayupo. Watoto wanataka kiyeyushwe, kila mmoja apate pete. Siwalaumu. Lakini chukua wewe, mwanangu. Usikisugue tu. Na kisikae peke yake. Vingine vikienda mahali, nacho kiende."

"Nimekubali, baba."

Miezi miwili baadaye maktaba ilimwalika aonyeshe visahani vyake kwa wiki nzima, katika kabati la vioo lenye taa. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwalika popote ila kupima nguo. Alijishonea gauni jipya, la kwanza kujishonea baada ya miaka minne.

Siku moja kabla ya kufungua, msimamizi wa maonyesho, kijana mpole, alisimama mbele ya kabati akikuna kichwa. Visahani vingine, vilivyotunzwa kwenye vifuko vyake, vilikuwa vinang'aa. Cha baiskeli kilikuwa kama tundu katikati ya safu.

"Mama, hiki tukipanguse kidogo. Kina hata doa la kidole."

"Hilo doa ni la mtu, mwanangu."

"Wafadhili wamesema kila kitu king'ae. Mimi ni wa kutumwa tu. Basi tukiache kando, hivi vingine vibaki."

Mama Bobini anakiri kwamba hapo alitamani kukubali; mzee mwenyewe alikuwa mbali, na hakuna ambaye angemwambia.

"Nimeahidi hakitaachwa kando," alisema mwishowe. "Naomba ufunguo wa kabati."

"Mama, usikasirike."

"Sijakasirika. Wewe umefanya kazi yako."

Akavitoa kimoja kimoja, vyote ishirini na vinne. Wifi, aliyemsindikiza kubeba mizigo, alishikilia mkoba. Walipofika barabarani ndipo alipouliza:

"Na gauni je?"

"Nitashonea sare nikiwa nimelivaa."

Na kweli amelivaa leo, Jumamosi alasiri. Meza ya kukatia imeondolewa mikasi na chaki, na juu yake kimetandazwa kipande cha mahameli. Kuanzia sasa kila Jumamosi itakuwa hivi, na anayetaka kuona aingie. Faida ya magauni mawili yajayo haitakwenda kwa sonara. Seremala ameshaagizwa kabati la vioo.

Mteja aliyekuja kuchukua sketi ya binti yake anainama juu ya kisahani cha baiskeli, anatoa kitambaa kwenye pochi.

"Fundi, hiki kimeshika uchafu. Nikufutie?"

"Hapana, dada, kiache hivyo hivyo," Mama Bobini anasema, akimsogezea kiti. "Keti kwanza, nikwambie ni cha nani."