Kabla Kioo Hakijakauka

Nimekaa ukingoni mwa kitanda cha bibi, Hounslow, mikono imelala mapajani, na sijagusa kitu. Bibi tumemzika Muheza. Mama amebaki huko mpaka arobaini ipite, na siku tulipokuwa tunaondoka alituagiza mimi na mdogo wangu tukitoe vitu chumba hiki kabla hajarudi, maana hataki kukikuta kama kilivyo. "Kila mtu achague anachokitaka," alisema. "Vingine vipelekeni msikitini, watagawiwa wenye shida." Jambo jepesi kabisa. Mdogo wangu ameshachukua redio na sasa anapanga maboksi. Mimi, rafiki yangu, nimekaa tu. Sikulia hata siku ya maziko. Watu walinipa pole nikaitikia asante, asante, kama mtu anayepokea simu za kazini. Moyo umekufa ganzi, na sitakudanganya kwamba una kitu kingine ndani yake.

Ila neno hilo la kuchagua ninachokitaka si geni kwangu. Nililisikia utotoni, hapa hapa Hounslow, nikiwa nimekaa hivi hivi.

Tulikuja Uingereza mimi na bibi, nina miaka minne. Mama alikuwa ametangulia, anafanya usafi uwanja wa ndege kwa zamu zisizoeleweka, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya bibi. Ndege zilipita juu ya paa mchana kutwa. Kila ikipita moja, bibi alinyamaza katikati ya sentensi, akaisubiri iishe, kisha akaendelea na neno lile lile alilokuwa ameliacha. Tui la kopo alilinusa kwa dharau kila alipolifungua, lakini wali wake ulinukia mpaka kwa jirani. Kilichomkera zaidi ni mchele. Mchele wa Hounslow ulikuja msafi, hauna jiwe wala pumba, sasa mtoto angejifunzia wapi kuchambua? Bibi akawa anachanganya dengu makusudi kwenye ungo, ananipa nizitoe. Nikimaliza anazirudisha kwenye mkebe wake, za kesho.

Na alinituma. Wewe unajua kwetu kutumwa ni nini. Mtoto anayetumwa ni mtoto anayeaminika, na asiyetumwa kuna walakini. Kule Muheza bibi alitema mate chini, akasema mate yasikauke hujarudi, nami nikatoka mbio kwenda dukani. Hounslow kulikuwa na zulia mpaka chooni. Mate angetema wapi? Basi akawa anapuliza pumzi kwenye kioo cha dirisha mpaka kinafanya ukungu, halafu ananiambia, "Haya, mke mwenzangu, kioo kisikauke hujarudi." Nilikwenda kuleta mwiko, ndala, miwani, kitambaa, nikarudi nahema, na bibi akakitazama kioo kama hakimu. Nikichelewa aliuliza, "Ulikuwa wapi?" hata kama nilikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka kwake.

Kisha nikaanza chekechea. Ilikuwa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya maduka, na ilifuata ule mtindo wa kumwachia mtoto njia. Hakukuwa na ubao wala madawati. Kulikuwa na rafu fupi za mbao, na juu yake sinia ndogo ndogo, hii ina jagi na glasi, ile ina vifungo, nyingine maharage na kijiko. Mtoto anachagua sinia yake, anatandika mkeka wake, anaifanya kazi mpaka atosheke, halafu anairudisha mahali pake. Mwalimu, mama mmoja mfupi aliyefunga miwani kwa kamba shingoni, alikaa pembeni kwenye kiti kidogo akatazama, haingilii. Asubuhi ya kwanza alinishika mkono, akanizungusha rafu zote, akaniambia kwa upole nichague ninachokitaka.

Vilikuwa vitu vizuri mno, na vyote vya watu. Bibi alikuwa amenionya mlangoni, "Usiguse usichopewa." Nikakaa kwenye mkeka, nikaweka mikono mapajani, nikasubiri kutumwa. Nilisubiri siku hiyo, na ya pili, na wiki zikaenda. Wenzangu walimimina maji, wakafunga vifungo, wakamwaga maharage wakayaokota. Mimi nilitazama. Kila asubuhi mwalimu aliinama, akaniambia nichague, na kila asubuhi nilimwitikia kwa kichwa, nikakaa. Kwangu mimi nilikuwa natii.

Mama akaitwa. Mwalimu alimwambia huenda sisikii vizuri, au akili yangu inakwenda polepole. Ingebidi nipimwe, na pengine nihamishiwe shule ya watoto wanaohitaji msaada zaidi. Jioni hiyo nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na nilisikia kila neno, masikio yangu hayakuwa na tatizo.

"Mama, hapa si Muheza," mama alimwambia bibi. "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mtoto anatakiwa aguse vitu!"

"Vya watu?"

"Ndiyo, vya watu! Watamhamisha, wanasema mtoto wangu hana akili!"

"Na akigusa wakasema mwizi, je?" bibi akauliza.

Nakumbuka mlio wa friji, na ndege ikapita.

Mwalimu akaomba mtu wa nyumbani aje akae darasani asubuhi moja. Mama alikuwa zamu, akaenda bibi, na baibui lake na Kiingereza cha maneno mawili. Walimkalisha kwenye kiti cha watoto, magoti karibu yafike kidevuni. Alipoona watoto wanajichukulia vitu rafuni bila kuomba, akasonya. Aliponiona mimi nimetulia kwenye mkeka, mikono mapajani, akamwangalia mwalimu na kuinua kichwa kwa fahari, kama kusema, mtoto wangu amelelewa. Mwalimu naye alinitazama pale pale, nami nikaona macho yake yana huruma. Mtoto ni mimi yule yule, na kila mmoja wao alikuwa anaona mtoto tofauti.

Chumba kilikuwa na joto lile la mabomba ya kupasha nyumba, linalokausha koo. Bibi akakohoa, akaniambia bila kufikiri, kama vile tupo nyumbani, "Hebu kaniletee maji."

Nikainuka. Nikaenda moja kwa moja kwenye rafu, nikabeba ile sinia ya jagi na glasi, nikamimina bila kudondosha, nikampelekea kwa mikono miwili, nikapiga goti. Bibi akanywa. "Haya, karudishe," akasema, na kwa mazoea akageukia dirisha lililokuwa nyuma yake, akapuliza kioo. Nikairudisha sinia mahali pake, nikapangusa tone la maji lililobaki, nikakimbilia kwa bibi kabla ukungu haujaisha.

Mwalimu hakupiga makofi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akamwashiria bibi kwa kidole: tena.

Siku iliyofuata hakuniambia nichague. Alisimama dirishani, akapuliza kioo, akaonyesha sinia ya vifungo, akanyoosha mkono wake mtupu. Nikaenda. Alinituma hivyo majira yote ya baridi. Baadaye akawa ananionyesha sinia mbili, nimletee mojawapo. Baadaye akawa ananiuliza anitume nini. Ikafika asubuhi alipopuliza kioo bila kusema neno, akanitazama tu. Sikumbuki siku hiyo nilichukua nini. Nakumbuka kwamba nilikwenda, na kwamba hakuna aliyezungumza tena habari za kunihamisha.

Hakuishia kwangu. Mtoto mmoja hakuweza kukaa chini hata dakika, akapewa ndoo ya kumwagilia maua ya uani, akawa anabeba maji mpaka anatulia. Msichana wa Kipunjabi aliletewa kibao na mti wa kusukumia chapati kutoka kwao. Bibi alitoa ungo wake, na mchele, na zile dengu, vikawekwa rafuni, na Waingereza wadogo wakajifunza kuchambua mchele ambao hauna kitu. Mwalimu alikuwa na msemo wake, ambao mama alimtafsiria bibi: tuhamishe kwanza rafu, ndipo tufikirie kumhamisha mtoto. Bibi aliupenda. Naye akamrudishia wake, kwamba mtoto hutumwa mpaka siku atakapojituma.

Siku hizi ukumbi ule ni mahali pa watu kunyanyua vyuma. Mwalimu sijui yuko wapi. Ungo haukurudi nyumbani. Mimi nilikua, nikahamia Lewisham, ng'ambo ya mji, na sasa nikihesabu vizuri naona sijawahi kuja kwa bibi bila kutumwa. Alipiga simu: niletee bamia za soko la kwenu, niletee mafuta ya mgongo. Nililalamika, nikabadilisha treni, nikaleta. Miaka yake ya mwisho hakuweza kuinuka, lakini alinituma akiwa kwenye mto huu huu, na pumzi yake haikufika tena kwenye kioo, kwa hiyo alipuliza kuelekea huko tu, kidogo, kwa heshima ya utaratibu.

"Dada." Mdogo wangu amesimama mlangoni na boksi. Yeye amezaliwa hapa; Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza chake cha kuchanganya. "Umekaa hapo all morning. Just pick something, basi. Anything."

"Nitume," nikamwambia.

"Eh?"

"Nitume kitu. Chochote."

Akaweka boksi chini. "Okay," akasema polepole. "Niletee maji, basi. Please."

Nje kulikuwa na baridi. Nikaliinamia dirisha la bibi, nikapuliza, kioo kikashika ukungu. Kisha miguu ikainuka yenyewe, ikanipeleka jikoni. Nikafungua bomba, nikajaza glasi. Ndege ikapita juu ya paa, nami nikasimama na glasi mkononi nikaisubiri iishe, kama tulivyozoea.

Mdogo wangu akaipokea kwa mkono mmoja, akanywa yote, akarudi kwenye maboksi yake. Nikageuka dirishani. Kioo kilikuwa kimekauka kitambo, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.