Mkono Ulioshushwa

Kwa miaka kumi na tisa, mkufunzi wa waajiriwa wapya katika kampuni ile kubwa alishika kanuni moja: swali la kazini huulizwa kazini, mbele ya wote.

Mwaka huo, kati ya wahitimu thelathini waliotoka chuoni, mmoja alikuwa binti wa marehemu kaka yake, aliyeishi naye nyumba moja. Jioni moja binti alimfuata jikoni na daftari.

"Shangazi, nieleze hili moja tu. Mtihani wa mwisho ni keshokutwa."

"Wenzako ishirini na tisa hawana shangazi wa kumfuata jikoni. Niulize darasani."

Kesho yake darasani binti alinyoosha mkono. Kabla hajafungua kinywa, mwenzake wa nyuma akadakia, "Wewe nawe! Si unakula sahani moja na majibu?" Darasa likaangua kicheko, naye akashusha mkono. Mkufunzi aliona, lakini akaendelea na somo, asije akaonekana anambeba.

Binti alipungukiwa alama mbili za kufaulu mtihani, na mkataba wake ukaishia hapo. Shangazi ndiye aliyetia saini barua ya kumwachisha kazi. Asubuhi iliyofuata binti alifunga sanduku, akaaga kwa adabu: "Asante kwa yote, mkufunzi."

Kanuni ilikuwa ya haki. Ila mkono ule ungekuwa wa mwingine yeyote, mkufunzi angemwita mwenyewe aulize, na alilijua hilo. Kanuni yake ilimgharimu jamaa wa pekee aliyebakiwa naye. Sasa hupika chakula cha mtu mmoja.