Chumvi ya Karamu ya Ate Luz

Sina pa kujificha, kwa hiyo nianze na lenyewe: mimi Zuhura, mtu mzima, mke wa mtu, nilimmwagia chumvi usoni bibi wa watu wa miaka sabini na kitu, kwenye nyumba ya binti yake, Jumamosi saa tisa alasiri jua linawaka, na juu ya chumvi nikampigia kelele neno ambalo watu wote mle ndani walilielewa isipokuwa Njeri. Wanaonijua hapa Langley Park, Maryland, wameshaisikia habari hii kutoka kwa huyo huyo Njeri, na anaisimulia vibaya, eti nilirukia dirishani. Sikurukia dirishani. Mlango ulikuwa wazi.

Wakati huo (ile miaka ambayo makutano ya barabara pale Springfield yalikuwa yanajengwa hayaishi, ukitoka Maryland alfajiri unafika kazini umeshazeeka) nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nalisema hili mapema maana bila hilo mtaniona mwendawazimu tu: mwaka uliotangulia nilikuwa na nyingine, ikatoka na miezi minne, na tangu hapo kila tumbo likikaza kidogo nilikuwa naenda kukaa chooni nahesabu pumzi mpaka lipite. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mume wangu Rashidi ndiyo kabisa, alikuwa hata hataji habari ya mtoto. Alinunua kitanda kidogo akakificha kabatini nyuma ya makoti ya baridi, tusikione, tusije tukajisahau tukafurahi.

Nesi wa zamu yetu alikuwa Mfilipino anaitwa Luz, na sote tulimwita Ate Luz, kwao ndiyo kusema dada mkubwa. Ndiye aliyenitoa kwenye kuinua wagonjwa wazito siku ile ile nilipomwambia nina mimba, bila kungoja barua ya daktari. Mchana tulikula pamoja, yeye na wali wake, mimi na wali wangu (Njeri, Mkenya wa Nakuru tuliyekuwa naye zamu moja, alituita chama cha wali), na hapo ndipo alipokuwa akinipa hadithi za kwao. Nilizitaka mwenyewe, sitamsingizia mtu. Akanipa jitu linalokaa juu ya mti linavuta sigara kubwa, nikacheka. Akanipa mtu mwenye kichwa cha farasi anayewapoteza wasafiri njia, nikacheka tena. Kisha akafika kwa aswang.

Huyo, akasema, mchana ni mwanamke kama wewe na mimi, mpole, anakaribisha wageni. Giza likiingia anakatika kiunoni, miguu inabaki imesimama peke yake nyuma ya migomba, na huku juu panaota mabawa ya popo, anaruka mpaka juu ya paa la nyumba yenye mja mzito, anateremsha ulimi mwembamba kama uzi, unashuka, unashuka, mpaka kwenye kitovu.

"Anataka nini?" nikauliza, na jibu ninalo.

"Mtoto," akasema Ate Luz, akachota wali.

Akanitajia na dalili zake. Macho mekundu kwa kukesha. Ukimtazama machoni unajiona kichwa chini miguu juu. Chumvi na kitunguu saumu hapatani navyo. Na akiwa njiani anasikika tik, tik, tik, ila ujue sauti ikiwa kubwa yuko mbali, ikififia ndiyo yuko karibu yako. Silaha ni chumvi, au mkia wa taa (yule samaki, na kwetu Tanga mkia wa taa ulikuwa fimbo ya kutuchapia, kwa hiyo nikaona hawa watu wanajua wanachokisema).

"Na wanatoka wapi hasa?"

"Kwetu, Capiz," akasema anacheka. "Muulize Mfilipino yeyote, atakwambia."

Na mimi nikamweleza habari za Tanga, jinsi Watanzania wengine wanavyotuona sote wachawi, nikampa na kisa cha jirani yangu wa Dar niliyempelekea ubwabwa, kesho yake nikaukuta wote kwenye mtaro. Ate Luz hakucheka. Alinishika mkono tu.

Haikupita wiki mbili akatuambia mama yake anakuja, ametoka huko huko Capiz, na Jumamosi anamfanyia karamu ya kumpokea, mimi na Njeri tusikose.

Nilipomwambia Rashidi wasiwasi wangu alikaribia kuanguka kitini. "Zuhura, mtu wa Tanga unaogopa mchawi wa Kifilipino? Wao ndio wakuogope wewe!" Nikacheka naye. Lakini Ijumaa, kwenye chumba cha kulia pale kazini, kuna vile vipakiti vya karatasi vya chumvi na pilipili manga, nikachukua vya chumvi sita nikatia mfukoni. Ndiyo uamuzi wenyewe, mdogo hivyo. Nilijiambia siamini, ila chumvi haiozi.

Basi Jumamosi tukaingia. Nyumba imejaa, watoto wanakimbizana, katikati ya meza kuna nguruwe mzima ameokwa ana ngozi inang'aa (nikakaa nikampa mgongo), na Ate Luz, Mungu ambariki, amenitengea kuku wangu pembeni amefunikwa. Mama yake amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo, mkavu, sweta juu ya gauni, mkono mmoja umo ndani ya mfuko wa sweta. Watu wanamwendea mmoja mmoja, wanainama, wanashika mkono wake mwingine wanaugusisha kwenye paji la uso, ndiyo shikamoo yao. Zamu yangu ikafika. Nikainama, nikagusisha, nikainua uso, na macho yetu yakakutana.

Mekundu. Mekundu ya kukesha. Na mbele ya macho kuna miwani minene kama kitako cha chupa, na ndani ya kioo, nawaapia, nikajiona mimi, mdogo, ushungi uko chini, kidevu kiko juu.

Nikabaki nimeinama pale muda usio na adabu. Yeye wala hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama tumbo. Akasema maneno kwa lugha yao, taratibu, akitabasamu, na wale wamama waliokaa karibu naye wakaligeukia tumbo langu.

"Wewe, si ukule?" Njeri ananiambia tulipokaa. "Hii kuku imeweza, aki."

"Njeri, yule mama ananiangalia."

"Si wewe ndio mgeni! Unataka aangalie nani, TV?"

Sikula. Nilikuwa namtazama yeye. Mjukuu mmoja akampelekea sahani ya dagaa wa chumvi, akaisukuma. Akaletewa sahani ya kuku aliyepikwa kwa siki na vitunguu saumu, akaisukuma tena, akatikisa kichwa, akachukua wali mtupu. Na kila makelele yalipopungua nilikuwa nasikia kitu kutoka kule dirishani, kidogo kidogo, tik, tik, tik. Nikamuuliza Njeri kama anasikia, akaniambia anasikia njaa yangu. Nilitaka kumwomba tuondoke, lakini ufunguo wa gari ni wake na sahani yake ilikuwa ya pili bado imejaa, na kusema kweli niliona aibu; ningemwambia nini Ate Luz? Mtoto akanipiga teke moja, nikaliwekea mkono juu.

Halafu mkojo (wenye kuzaa mnaujua) ukanibana. Choo kiko mwisho wa ukumbi mwembamba, kimefungwa, kuna mtu ndani. Nikasimama pale peke yangu na picha za watoto ukutani. Nikasikia tik, tik, tik nyuma yangu, kubwa. Nikageuka, ndiye, anakuja anaburuta kandambili. Nikaingiza mkono mfukoni. Anakuja, sauti inapungua. Nikachomoa vile vipakiti vyote, nikavichana kwa meno, kimoja kikanidondoka. Amebakiza hatua mbili, sauti ikanyamaza kabisa.

Akatoa mkono mfukoni. Akatoa ulimi, akakilamba kidole gumba, akakinyoosha kwenye tumbo langu, na kwa mkono mwingine akawa anainua ncha ya ushungi wangu.

Nilimwaga yote. Usoni, kwenye miwani, mdomoni. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo: "Aswang! Aswang! Usimguse mwanangu!" Bibi wa watu akarudi nyuma akaketi kitako juu ya kapu la nguo za kufua, mikono hewani, anatema chumvi. Mlango wa choo ukafunguliwa, mzee mmoja akachungulia, akafunga tena. Mimi nikatoka mbio huku nimeshika tumbo, nikapita sebuleni, nikaparamia kona ya meza, bakuli la siki ya kuchovyea likanimwagikia kifuani na vitunguu saumu vyake, na watoto wakakimbilia mapajani mwa mama zao kwa ajili ya neno lile. Nikaenda kuchuchumaa nyuma ya gari la Njeri nanuka achari.

Njeri akanifuata, sahani bado mkononi. "Zuhura, umefanya nini? Huyo mama analia."

Nyuma yake akatoka Ate Luz. Nilitegemea matusi, ningeyapokea. Akakaa chini kwenye nyasi mbele yangu.

"Tumbo?" akauliza kwanza. "Damu?"

"Hapana."

"Anacheza?"

"Anacheza."

Akashusha pumzi, ndipo akasema. "Mama amelipenda tumbo lako tangu ulipoingia. Kwetu jicho la mgeni, hata la upendo, linaweza kumdhuru mtoto. Aliyetazama analowesha kidole kwa mate, anagusa tumbo, basi jicho lake haliachi madhara. Nilimwambia ulipoteza mmoja. Ndiyo maana akakufuata. Hakutaka awe yeye wa kukupotezea wa pili."

Nikajifuta siki kwa ushungi. Akaendelea kama anayesoma faili la mgonjwa: macho, amekaa kwenye ndege karibu siku nzima, chumvi, ana presha, saumu inamchoma tumbo, tik tik ni shanga za rozari anayoisali mfukoni. (Kuhusu miwani, Jumatatu Njeri alinisogezea miwani minene ya mzee mmoja kule kazini, nikatazama, nikajiona kichwa chini.)

"Nilipokuwa nasomea unesi Manila," akasema akisimama, "wasichana niliolala nao chumba kimoja walikuwa wakininyunyizia chumvi kitandani. Kwa sababu ya Capiz. Wewe nilidhani ulinielewa. Kwa sababu ya Tanga."

Hapo ndipo nililia. Maana ubwabwa wangu ulimwagwa mtaroni na nilijua unavyouma. Na maana bibi yangu mzaa mama, kila asubuhi kabla sijakwenda shule, alikuwa analowesha kidole kwa mate ananipaka nyuma ya sikio jicho la hasidi lisinipate, kidole kile kile, na mimi nilikuwa nimekimwagia chumvi. Nyani haoni kundule.

Kwa miezi miwili Ate Luz alizungumza nami mambo ya wagonjwa tu. Wali wake akala ofisini. Na mimi usiku nilikuwa silali, si kwa aswang tena, ni kwa kujua kwamba tumbo langu lilitazamwa na halikuguswa. Nilimwambia Rashidi, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akasema, "Kamwombe."

Jumapili moja mchana, mimba ina miezi saba na nusu, nikabadilisha mabasi matatu mpaka nyumbani kwao Springfield. Ate Luz akafungua mlango, akanitazama, akamwita mama yake. Bibi akaja na kandambili zake, na kitu cha kwanza alichotazama hakikuwa uso wala tumbo, ilikuwa mikono yangu. Nikaifungua yote miwili nikamwonyesha mitupu. Kisha nikapiga magoti kwa shida, nikashika mkono wake nikaugusisha kwenye paji langu, nikasema, "Nisamehe, mama," kwa Kiswahili, ndicho kilichonijia. Halafu nikainua ushungi mwenyewe.

Akalamba kidole. Kilikuwa cha moto. Akakichora pale penye kitovu, akanong'ona, akapuliza.

Nilipokuwa natoka akasema ningoje, akaingia ndani, akarudi akaniwekea kitu kiganjani akanifumba vidole. Kipakiti kimoja cha chumvi, hakijafunguliwa, kile kilichonidondoka siku ile.

"Anasema ni chako," Ate Luz akatafsiri, na mdomo ukaanza kumtetemeka. "Yeye daktari amemkataza." Akaangua kicheko mpaka akashika mlango, mimi nikaangua kilio, na mama mtu akatupiga makofi ya mgongo sote wawili.

Binti yangu alizaliwa salama, na Rashidi akavuta makoti akatoa kitanda. Kipakiti ninacho mpaka leo na sikifungui. Chumvi nyingine naitia kwenye mboga tu, nimeapa, na mama yeyote akimsimamia mwanangu akamtazama sana dukani au kwenye basi, awe wa Capiz au wa Tanga, simkimbii. Namwambia, mama, usiondoke hivi hivi, mguse.