Pijo Niliyoiona Peke Yangu

Kosa ni langu, tena langu peke yangu, na mwenye kunicheka anicheke. Mimi mwenyewe nimekwisha jicheka mpaka nimechoka. Bado nasoma, nakaa Mabawa, na jina langu hamlipati ng'o!

Ugonjwa wangu ulikuwa kujua magari. Nikishapanda juu ya pipa pale konani kwetu, gari iko mbali bado, nusu vumbi nusu chuma, mimi nishaitaja. Bedifodi! Landirova! Morisi hiyo, mgongo wa kobe! Wenzangu hupiga makofi, maana sikosei.

Basi kichwa kikanivimba. Wasiojua magari nikawaona ng'ombe tu. Mjomba wangu wa Maramba, kila chenye magurudumu kwake ni "lori", hata kigari cha daktari! Nilikuwa nikimpa shikamoo kwa adabu zote, kisha nakwenda nyuma ya nyumba kumwigiza.

Lakini niliyemwonea hasa ni Athumani (jina lake silo), rafiki yangu tuliyekaa dawati moja. Nilimfundisha miezi, asishike. "Pijo ina simba mdogo juu ya pua, we kiazi! Vangadi haina. Kilichofanana ni migongo, zote zimeinama nyuma kama kuku kanyeshewa." Athumani ataitikia, kesho atakosea tena, nami nimepata la kuchekeshea darasa zima.

Ikaja harusi ya dada yangu. Bwana harusi anatoka Kigombe na Pijo nyeusi ya kukodi. Shangazi akaniita.

"Kaa konani, mwanangu. Ukiiona tu, piga ukelele, tutoke na matari na vigelegele kabla haijasimama. Usituaibishe."

"Shangazi! Mimi huyu?" Nikacheka kwa dharau, mpumbavu mimi.

Athumani naye akaja pale pipani. Yeye alikuwa na gari yake ya kungoja. Babake alilazwa hospitali siku nyingi, na mchana ule mwenye duka wa mtaani kwetu alimpakia mamake Athumani katika Vangadi yake, nyeusi vilevile, wakaenda.

"Hospitali wametuma mtu, eti twende tukamchukue," akaniambia. "Kapona, sivyo?"

"Kapona ndiyo. Sasa nyamaza, nina kazi."

Alasiri imepita kidogo, vumbi likainuka. Nikaona boneti nyeusi, mgongo umeinama.

"Pijo!"

"Ngoja," Athumani akasema, kasimama. "Mbona simba sioni? Vangadi ile. Baba huyo anakuja!"

"Wewe! Mkokoteni ukipita wauita basi, leo unifundishe mimi?"

"Hebu tazama tena, bwana."

Sikutazama! Nikajaza mapafu: "Pijooo! Bwana harusi kafika!"

Lahaula! Wanawake wakamwagika njiani, matari yanalia, vigelegele vinapasua masikio. Dereva akapiga honi apishwe, nao wakadhani ndiyo furaha, wakaizingira gari. Shangazi alikuwa mbele na mrashi wake. Akaupitisha dirishani, akautikisa mara tatu. Halafu mkono wake ukabaki humohumo.

Kiti cha nyuma alikaa mamake Athumani. Kichwa cha mumewe kilikuwa mapajani mwake, na blanketi limemfunika mpaka usoni. Marashi yalikuwa yakimchuruzika mama wa watu mashavuni.

Waliokuwa mbele wakanyamaza. Waliokuwa nyuma hawajaona kitu, wakazidi kupiga vigelegele. Na mimi juu ya pipa langu nikazidi kupiga makofi!

Nitakalokufa nalo ni hili: Athumani alikimbia akipenya katikati ya wale wanawake, anacheka, meno yote nje. Alidhani wanamshangilia babake.

Pijo yenyewe ilifika baadaye, ina simba wake, wala hapana aliyeipigia hata kofi. Matari yaliwekwa chini, dada yangu akaozwa kwa minong'ono. Akitoka mlangoni kwenda kwa mumewe alinipita kama ukuta. Bibi yangu ndiye aliyenisemesha: "Macho yako ni ya bati tu. Watu ndani huoni."

Hitima ilipokwisha nilikwenda kuomba radhi. Nilijitayarisha kutukanwa, hata kupigwa, na ningeshukuru. Athumani alinitazama, akasema, "Mimi nilikwambia Vangadi." Basi. Shule ilipofunguliwa akahama dawati. Nafasi yake hajakaa mtu, na vichekesho vyangu sasa havichekwi hata na mimi.

Nanyi mafundi wa konani, mnaojua magari kwa boneti, kwa honi, kwa harufu ya petroli, jichekeni mapema kabla hamjachekwa kama mimi! Mnayemwita kiazi akikwambieni mtazame tena, tazameni tena, hata kama mna hakika. Hasa mkiwa na hakika! Mimi ingenigharimu kutupa jicho moja tu zaidi, nikaona haya kulitupa.

Siku hizi watoto hunifuata: "Kaka, ile inayokuja gari gani?"

Naiona vizuri, naijua mpaka taa zake.

"Lori," nawajibu.