Nipime Nikiwa Nimeinama

Dada yangu ni fundi wa vigae, na kwa ukali hana mpinzani. Ukimchanganyia saruji nyepesi atakupa vidonge vyako mbele za watu, mchana kweupe. Kwa hiyo moyo ulipoanza kumwenda mbio, jasho likimtiririka na kichwa kikimgonga, sote tulikuwa na jibu mkononi: hasira.

Mumewe alisema hasira. Fundi mkuu alisema hasira. Mimi mdogo wake, naona aibu kuandika, nilimwambia ajifunze kunyamaza.

Daktari wa kliniki ndiye aliyetia muhuri. Alimkalisha kitini, akamwacha apumzike, akampima. Presha nzuri tu. "Mama, punguza hasira," akasema, akaita mgonjwa mwingine. Ikawa hivyo miaka mitatu, mpaka siku dada alipoanguka kifudifudi akiwa peke yake, ameinama kupanga vigae kwenye bafu la mteja, saruji mbichi ikamjaa mdomoni. Angefia pale.

"Haiji nikigombana," aliniambia. "Inakuja nikiinama. Mimi nagombana kutwa nzima, umeshaniona nimeanguka?"

Kesho yake tukaenda kliniki sote wawili. Daktari akamwonyesha kiti. Dada akapiga magoti sakafuni, akainama hadi tumbo likabanwa na mapaja, vilevile anavyofanya kazi, akamnyooshea mkono.

"Nipime hivi."

"Mama, presha haipimwi hivyo."

"Ugonjwa wangu haunijii kitini, daktari. Nipime hivi, au leo nalala hapa hapa."

Wagonjwa wakachungulia mlangoni. Nilitamani kujificha. Halafu nikaikumbuka ile saruji, damu ikanichemka. "Si umpime!" nikafoka.

Daktari akapiga magoti. Hazikupita dakika tatu, dada akapauka, jasho likaanza kudondoka. Mashine ikasoma mia mbili thelathini na tano kwa mia moja thelathini. Daktari akamshika bega amwinue, na habari ya hasira ikaishia hapo.

Picha za hospitali kubwa zilionyesha uvimbe juu ya figo, kwenye tezi inayotoa adrenalini, ile homoni inayokimbiza moyo na kubana mishipa ya damu mtu anaposhtuka. Kila dada alipoinama, uvimbe ulikandamizwa, ukamwaga adrenalini mwilini bila hofu wala ugomvi wowote. Walimpa dawa za kulegeza mishipa kwa wiki mbili, kisha wakamfanyia upasuaji wakautoa.

Shemeji akakaa akisubiri mke mpole. Dada aliporudi kazini, siku ya kwanza tu, akakuta sakafu ya jiko imepangwa hovyo hovyo. Alifoka robo saa bila kumeza mate. Mimi na shemeji tulikuwa tumemfuata; kwa woga wangu nilibeba mashine ya presha, nikamfunga mkononi katikati ya maneno. Mia moja thelathini kwa themanini.

Aliitazama ile namba, akanitazama mimi, akamgeukia shemeji aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Wametoa uvimbe," akasema. "Hasira ni yangu."